Tina Iliyoyeyusha Kichwa cha Treni

Kichwa cha kwanza cha treni nilichojaribu kukipaka rangi upya kiliyeyuka mkononi mwangu. Ilikuwa jioni ya Novemba, ndani ya banda la nyuma ya nyumba yangu karibu na Bury, kaskazini mwa Manchester. Mezani palikuwa na bodi ya plastiki ya modeli ya kichwa cha dizeli cha daraja la 37, kipimo cha 1:76, yaani ndogo mara 76 kuliko kichwa halisi, urefu wake kama sentimita 24 na nusu. Nilitaka kuitoa rangi ya kiwandani ili nianze upya. Nikachovya kitambaa kwenye tina, ile tina ya selulosi wanayoitumia mafundi wa magari, nikasugua ubavuni. Rangi ikatoka vizuri. Sekunde chache baadaye nikahisi kidole gumba kinazama. Matundu ya hewa yakajifuta, kona ya dirisha la dereva ikalegea kama mshumaa uliosahauliwa juani, na alama za vidole vyangu zikaganda pale. Bodi hiyo bado ninayo, iko rafuni juu ya meza ninapofanyia kazi.

Tina niliirithi kwa baba. Alikuwa fundi rangi katika karakana ya reli Nairobi. Alianza enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, akaendelea baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977 na Kenya kubaki na shirika lake. Tulikaa Makongeni, na jioni baba alitanguliwa na harufu yake kabla hajafika mlangoni: tina, vanishi na sabuni ya kipande. Kwake tina ilikuwa dawa ya kila kitu. Brashi ikikauka, tina. Doa kwenye suruali, tina. Mikono kabla ya chakula, tina kidogo halafu sabuni. Behewa la chuma na mbao huistahimili. Plastiki ya polistirini haiwezi, na mimi sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja. Niliamini kwamba kwa kuwa nilikua nikimwangalia baba akifanya kazi, basi nilikuwa naijua kazi.

Niseme kidogo jinsi nilivyofika kwenye meza hiyo. Mjini Bury kuna reli ya makumbusho, East Lancashire Railway, inayoendeshwa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea. Jumamosi moja nilikuwa napita karibu na stesheni na mifuko ya sokoni, nikasikia mlio. Nilisimama. Mtoto wa Makongeni wa miaka ya sabini hawezi kuukosea mlio ule: ngurumo nzito ya polepole, halafu mluzi wa turbo ya injini unapanda juu yake pale dereva anapoongeza moto. Ulikuwa karibu sawa kabisa na wa vile vichwa vya daraja la 87 vilivyokuwa vikipita nyuma ya nyumba zetu. Nilidhani masikio yananidanganya kwa ugeni na baridi.

Hayakunidanganya. Vichwa vya daraja la 37, jumla 309, vilijengwa na English Electric kati ya 1960 na 1965 kwa ajili ya reli ya Uingereza, na usanifu wake ulitokana na vichwa ambavyo kampuni hiyohiyo ilikuwa imeiuzia reli ya Afrika Mashariki. Tumezoea kusikia kwamba vitu hutoka huko kuja kwetu. Hapa mashine yetu ndiyo iliyotangulia, ya kwao ikafuata. Nilipolisoma hilo nilimpigia baba simu usiku uleule, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Uingereza tuliongea saa nzima bila kugusa pesa wala ugonjwa.

Mwezi uliofuata nikanunua modeli ya mtumba kwenye maonyesho ya treni ndogo. Ndiyo iliyoyeyuka.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Kiingereza katika klabu ya treni ndogo, mtu wa maneno machache. Aliitazama bodi iliyoharibika, hakucheka. Akanionyesha chombo cha plastiki chenye mfuniko, kile cha kuhifadhia chakula, kimejaa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Bodi inazamishwa humo, mfuniko unafungwa, unaenda kulala. Asubuhi unachukua mswaki wa zamani na kusugua taratibu. Rangi nyingine hubanduka kama ganda la muhogo ndani ya nusu saa, nyingine hukaa siku mbili na bado zinang'ang'ania pembeni. Na kabla ya yote unajaribu tone moja ndani ya bodi, mahali ambapo hakuna jicho litakalofika, kwa sababu viwanda havitumii plastiki moja wala rangi moja. Vaa glavu, fungua dirisha, na moto uwe mbali. Hayo yalinichukua dakika kumi kuyaelewa, na yalikuwa yamenigharimu kichwa kizima.

Kichwa cha pili nilikishika kwa heshima zaidi. Hapo ndipo nilipogundua kwamba rangi ni sehemu ndogo ya kazi, na kwamba swali la kwanza linahusu kichwa gani, na cha siku gani.

Mwanzoni nilitaka tu "daraja la 37 la buluu". Mzee wa klabu akaniuliza: lipi? Nikasema lolote. Akatikisa kichwa. Vichwa vya mwanzo vina visanduku viwili vidogo vya namba za safari puani, kimoja kila upande, na mlango katikati yake. Vilivyojengwa baadaye vina kisanduku kimoja kipana katikati. Ukipaka rangi nzuri kuliko zote duniani halafu ukaweka namba ya kichwa cha mwanzo kwenye pua ya kichwa cha baadaye, mtu anayezijua mashine hizo ataona kosa kabla hajaona rangi. Nikachagua 37 027, kilichopewa jina la Loch Eil, kilichokuwa kikifanya kazi Scotland kwenye njia ya kutoka Glasgow kwenda Fort William na Mallaig mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sababu yangu haikuwa ya kitaalamu. Njia ile inapanda milima na kupinda kandokando ya maziwa, na picha zake zilinikumbusha reli inavyoshuka ukingo wa Bonde la Ufa.

Nikaanza kukusanya picha. Kichwa kilekile, miaka tofauti, hakifanani. Hapa kina bomba la ziada chini ya bafa, pale halipo. Hapa visanduku vya puani bado vina vioo vya namba, pale vimezibwa na kubaki taa tu, kwa sababu kuanzia 1976 namba za safari hazikuonyeshwa tena mbele ya treni. Hapa kuna nembo ya mbwa mdogo mweupe wa karakana ya Eastfield, pale hakuna. Ilinibidi nichague mwaka na kuushikilia. Kwa wiki mbili sikugusa brashi, nilichora tu kwenye daftari, ubavu huu na ubavu ule, kwa maana hata pande mbili za mashine moja hazilingani. Kwa maoni yangu wiki hizo mbili ndizo zilizokitengeneza kichwa kile. Kilichobaki kilikuwa mikono tu.

Mikono nayo ilipata tabu yake. Vishikio vya dereva kwenye modeli ile vilikuwa vimefinyangwa pamoja na bodi, yaani ni mstari wa plastiki uliovimba, hauna mwanga nyuma yake. Vishikio halisi ni fito za chuma zenye unene wa milimita 25 hivi. Ukigawanya kwa 76 unapata milimita 0.33. Hivyo unakwangua ule mstari kwa patasi ndogo, unasawazisha kwa msasa, unatoboa kwa biti ya milimita 0.4 iliyoshikwa kwa vidole, kisha unakunja waya wa shaba na kuuchomeka. Biti za ukubwa huo zinavunjika ukizipumulia vibaya. Nilivunja tisa. Dawa niliyoipata ni kuchoma kwanza kishimo kwa ncha ya sindano ili biti isiteleze, na kuizungusha bila kuisukuma, ijichimbie yenyewe.

Mbele, chini ya bafa, ndipo ninapopapenda kuliko sehemu zote. Mabomba yale ya breki na hewa ndiyo yanayoifanya modeli iwe na uzito machoni, ingawa haina uzito. Bomba la breki ya hewa lina koki nyekundu, la hewa kuu koki ya njano, na la vakyumu ni nene kuliko yote, lina mikunjo kama koo la kuku aliyenyonyolewa. Nilitumia jioni nne kwa upande mmoja tu. Mke wangu aliingia na chai, akainama, akatazama kwa kioo cha kukuzia, akaniuliza kama yanafanya kazi. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi yamependeza bure." Nililichukua kama sifa, na bado ninaamini ilikuwa sifa.

Sasa rangi. Kabla ya rangi, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, maana mafuta ya vidole hayaonekani lakini rangi huyaona. Halafu praima ya kijivu, nyepesi. Praima ilinifunulia kila nilichodhani nimekimaliza: mkwaruzo wa patasi, filla niliyoisawazisha nusunusu, gundi iliyomwagika kando ya kishikio. Nilirudi kwenye msasa mara tatu. Baba alikuwa akifanya hivyohivyo kwenye mabehewa: anapaka koti la chini, anainamisha kichwa mpaka shavu linakaribia kugusa ubavu wa behewa, anatazama mwanga unavyotembea juu yake. Utotoni nilidhani anapumzika.

Njano ya pua huanza. Njano ni rangi dhaifu, haina nguvu ya kuficha. Ukiipulizia juu ya kijivu inageuka uji wa wimbi. Kwa hiyo kwanza unapuliza nyeupe puani, ikauke, halafu njano mara tatu au nne, nyembambanyembamba. Inakaa siku kadhaa mpaka harufu iishe kabisa, kwa sababu rangi ya enameli ikinusika bado haijakauka, hata kama kidole kinakuambia imekauka. Ndipo unafunika njano kwa tepu na kupuliza buluu. Ukianza na buluu utaipigia njano magoti wiki nzima.

Bunduki ndogo ya rangi, eabrashi, nilikuwa naiogopa. Nikajifunza kwenye chupa tupu za maji na vijiko vya plastiki kwa mwezi mzima. Rangi iwe nyepesi kama maziwa, presha ya kompresa iwe kati ya psi 15 na 20, na mkono uanze kutembea kabla rangi haijatoka na uendelee kutembea baada ya kukatika. Anayesimama katikati ya ubavu ndiye anayepata machozi ya rangi. Koti la kwanza linatakiwa liwe baya: madoadoa, praima inaonekana, unatamani kuongeza. Usiongeze. Mimi niliongeza, kwa kichwa cha pili hichohicho, na buluu ikajaa kwenye mistari ya milango mpaka milango ikawa michoro. Kikarudi kwenye chombo cha alkoholi, tukaanza tena kwenye praima. Nililala nimekasirika, lakini asubuhi nilikuwa na furaha ya ajabu kwamba safari hii kuna njia ya kurudi.

Kuna jambo moja ambalo mimi na wenzangu wa klabu hatukubaliani. Buluu ya reli ya Uingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1965, inauzwa tayari kwenye kopo, na wengi wanasema ipakwe kama ilivyo. Kwangu ni nzito mno. Kitu kidogo chini ya taa ya chumbani hakipati mwanga kinaopata kichwa cha mita karibu 19 kilichosimama chini ya mbingu. Ninaongeza matone machache ya kijivu cheupe mpaka buluu ilegee kidogo. Nimepeleka kijiti nilichokipaka mpaka stesheni ya Bury na kukiinua kwa mbali mbele ya mashine yenyewe, na sijabadilisha maoni.

Tatizo ambalo baba hakuwahi kunitayarishia ni unyevu. Nairobi rangi hukauka unapoitazama. Huku, mwezi wa Januari, nilipuliza vanishi ya kuondoa mng'ao bandani wakati mvua inanyesha, na kichwa chote kikawa cheupe kana kwamba kimenyunyiziwa unga. Niliketi chini. Siku kavu iliyofuata nikapuliza tena koti jembamba, weupe mwingi ukaondoka, mwingine umebaki paani, na kwa kuwa paa lingepakwa masizi ya moshi, masizi yakausitiri. Tangu hapo vanishi inasubiri siku kavu hata kama ni wiki tatu, na kopo huwa naliweka kwanza kwenye bakuli la maji ya moto kiasi. Nilijifunza pia kutopuliza nikiwa nimefunga mlango kwa ajili ya baridi. Jioni moja nilitoka na kichwa kinanigonga mpaka nikatapika. Siku hizi nina sanduku lenye feni inayosukuma moshi nje, na barakoa yenye vichujio, na vyote viwili vilinigharimu zaidi ya eabrashi yenyewe. Mtu anayeanza leo ningemwambia anunue hivyo kabla ya kununua treni.

Mabehewa niliyaona rahisi kabla sijayagusa. Ni masanduku, nikasema, hayana mabomba. Behewa la aina ya Mark 1 kwa kipimo chetu lina urefu wa karibu sentimita 26, na ubavu wote huo ni uwanja mtupu. Punje moja ya vumbi inaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Halafu kuna rangi mbili: buluu juu na chini, na katikati, kuzunguka madirisha, utepe mpana wa kijivu, na mpaka wa rangi hizo ni mstari mweupe mwembamba kama uzi. Kijivu kwanza, tepu, kisha buluu. Tepu lazima ikandamizwe kwa ukucha juu ya kila bawaba ya mlango, na behewa hilo lina milango mingi, kila mmoja na bawaba zake. Ukiibandua, ikunje ijirudie yenyewe, chini kabisa, polepole. Ukiivuta juu inaondoka na kijivu.

Mstari mweupe niliujaribu kwa kalamu ya rula ya wachoraji ramani. Sikuuweza. Nikatumia dekali, karatasi nyembamba sana zinazoloekwa majini na kuteleza mahali pake. Mwanangu wa kike, aliyekuwa na miaka kumi, alinishinda kwa mbali. Mimi mkono wangu hutetemeka baada ya zamu ya usiku. Yeye alikuwa akishusha mstari wa sentimita 26 kwa brashi iliyolowa, ulimi umetoka pembeni, bila pumzi. Nilichomfundisha ni kitu kimoja tu, nilichokuwa nimekipata kwa uchungu: dekali huwekwa juu ya rangi inayong'aa. Juu ya rangi iliyofifia hewa hubaki chini yake na kuifanya imetemete kama magamba ya samaki. Ing'arishwe kwanza kwa vanishi, iwekwe, ikauke, ndipo mng'ao uondolewe. Utepe wa njano juu ya madirisha ya daraja la kwanza aliuweka yeye. Namba zote ni zake.

Na abiria nilipaka mimi. Abiria wa kununuliwa huja wote wamefanana, rangi moja ya ngozi, makoti yaleyale. Nilikata viti, nikavipaka rangi ya kitambaa kilichochakaa, nikaweka watu. Daraja la pili, dirisha la nne, yumo mama aliyevaa leso kiunoni na nyingine begani, na mapajani ana mfuko. Kutoka mita moja hakuna anayemwona.

Behewa la tatu lilipokauka, kabla ya vanishi ya mwisho, nilimpigia baba kwa video. Yuko Mwatate sasa, macho yake bado makali kuliko yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lete hilo behewa."

Nikalishika mbele ya kamera, chini ya taa. Akanyamaza. Akaniambia nizime taa. Kisha akasema, "Peleka dirishani. Ligeuze. Zaidi. Hapo, acha mwanga upite." Nikalishika hivyo, limelala, jua dogo la Machi likitembea ubavuni kutoka mlango hadi mlango, na kwa mara ya kwanza nami nikaona alichokuwa akikitazama miaka yote ile shavu lake likiwa karibu na chuma.

"Chini ya mlango wa tatu," akasema. "Umeacha vumbi."

Lilikuwepo. Punje moja, chini ya buluu.

"Msasa wa maji unao?"

Nikamwambia ninao, namba 2000. Akasema basi nisikate simu, niiegemeze mahali aone mikono yangu. Nikaiegemeza kwenye ile bodi iliyoyeyuka, nikaenda kutafuta maji.